Wimbo wa Kupura Maharage

Mkimwona Notburga pale sokoni Mfaranyaki, amekaa nyuma ya mafungu yake ya mchicha na dagaa, msimgusie habari za kuimba. Kwaya ya parokia walimfuata, akawakatalia. Akina mama wa jumuiya walimfuata, akawakatalia. Juzi kaja dada mmoja ana harusi ya mdogo wake, hajui hili wala lile, anamwambia, "Mama, nasikia wewe una sauti." Huyo nilimfukuza mimi mwenyewe. Mimi ni Zabibu, jirani yake ukuta kwa ukuta, Myao wa Tunduru, muuza vitenge na korosho, na mdomo wangu mtaa mzima unaujua. Nikamwambia, dada, nenda kakodi spika, hapa utaondoka na kitu kingine.

Nawaeleza huyu mwanamke ni nani kwa sababu maneno ya mtaani yamezidi. Wengine wanasema ana majivuno. Wengine wanasema moyo wake mgumu, mtoto wake alikuwa hospitalini yeye anaimba. Wapuuzi! Aliimba, ndiyo. Sikilizeni basi aliimba kwa nini.

Notburga ni mtu wa Madaba. Kazaliwa huko kwenye baridi, kwenye mahindi na maharage, na mama yake ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kijiji. Siyo wa kanisani, wa kazini. Maharage yakishakauka yanamwagwa uwanjani, watu wanayazunguka na fimbo, wanayapiga mpaka maganda yapasuke. Hiyo ndiyo kupura, na ni kazi ya kuchosha mikono mpaka usiku unashindwa kushika kijiko. Kwa hiyo wanaimba. Mama yake Notburga akiwa anaimbisha, watu walikuwa wanatoka vijiji vya pili kuja kupura maharage yasiyo yao, wapate tu kuusikia ule wimbo.

Wimbo wenyewe ni wa Kingoni, mimi nauelewa nusu nusu, lakini maana yake naijua. Mmoja anauliza, "Nani anakuja?" Wa pili anajibu, "Mgeni." "Amebeba nini?" Hapo yule wa pili lazima ataje kitu. Amebeba kuku. Wote wanapiga fimbo, "Mfungulieni, mfungulieni!" Halafu tena, nani anakuja, amebeba nini. Na kitu kikishatajwa hakirudiwi. Kwa hiyo anayejibu akili yake yote iko kwenye kutafuta kitu kipya, hana nafasi ya kukumbuka kwamba mgongo unamuuma. Nilikuwa namtania Notburga, "Ninyi Wangoni hata ugali hauivi bila wimbo." Naye ananijibu, "Na ninyi Wayao hata sala haiishi bila korosho." Tunacheka, kila mtu anaendelea na biashara yake.

Alikuja mjini na mume. Mume akaenda Msumbiji kutafuta mawe ya thamani, na mpaka leo anayatafuta. Kamwachia mtoto mmoja wa kike, Pamela. Notburga alikuwa hana mbele wala nyuma, akampeleka mtoto kwa bibi yake Madaba. Huko Pamela kalelewa na bibi mpaka kamaliza darasa la saba, ndipo akaja mjini kwa mama yake kusoma sekondari. Kwa hiyo yule mtoto alikuwa na mama wawili, na ukinibana niseme ukweli, yule wa Madaba ndiye aliyekuwa wa kwanza. Notburga alikuwa analijua hilo na halikumkasirisha. Alikuwa anasema, "Mama kanilelea, mimi ningemlea na nini?"

Pamela alimaliza kidato cha nne akawa anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano, anamsaidia mama yake maandazi asubuhi. Mrefu, mcheshi, ananiita mama mdogo. Siku ya ajali Notburga alikuja kwangu kukopa ungo. Hatujamaliza hata kusalimiana, tukasikia ukelele. Jiko lilikuwa limekalia tofali moja bovu, tofali limepasuka, karai zima la mafuta yanayochemka limemwagikia mtoto, kuanzia tumboni mpaka magotini, na mkono wa kushoto. Sitaki kueleza nilichokiona. Nilichukua kitenge kipya dukani kwangu nikamfunika, bodaboda akatubeba watatu, tukaenda hospitali.

Sasa nyie ambao hamjamuuguza mtu aliyeungua, kaeni kimya mjifunze. Kuungua ni siku moja. Kusafishwa ndiyo adhabu. Kila baada ya siku moja mgonjwa anaingizwa chumba cha vidonda, zile shashi za kufungia kidonda zilizogandamana na nyama zinalowanishwa, zinabanduliwa moja moja, uchafu unafutwa, anafungwa upya. Sindano ya maumivu wanamchoma, siwezi kuwasingizia, lakini kidonda kikubwa kama kile sindano inafika mahali inasema mimi basi. Siku ya kwanza Pamela alipiga teke beseni likaruka mpaka mlangoni. Siku ya pili alizimia. Siku ya tatu alipoona kitanda cha magurudumu kinakuja, akaanza kumwomba mama yake, "Mama niue, mama niue mwenyewe." Notburga alitoka nje akakaa chini kwenye sakafu.

Nesi wa chumba kile alikuwa kijana anaitwa Sixbert. Mpole, anaongea taratibu. Alitukalisha kwenye benchi akatuambia bila kuzungusha maneno. "Mama Pamela, kidonda kikiwa safi, daktari atachukua ngozi sehemu ya mwili isiyoungua aipandikize pale. Lakini hawezi kupandikiza kwenye uchafu. Mtoto akikubali kusafishwa, tuna matumaini. Akianza kukataa, uchafu unaingia kwenye damu, na hapo sina la kukuahidi." Kwa hiyo lilikuwa jambo moja tu. Pamela avumilie mpaka ngozi ipandikizwe. Hakuna lingine.

Sixbert alisema amewahi kufundishwa kwamba muziki unamsaidia mgonjwa, unampunguzia hofu, na hofu ikipungua hata maumivu yanapungua. Akaleta simu yake na vile vya kuweka masikioni. Tukajaribu bongo fleva. Pamela akapiga kelele juu ya bongo fleva. Tukajaribu kwaya ya Ekaristi. Mimi naye, mjinga wa watu, nikaleta kaswida za msikitini kwetu, nikasema labda Mungu atusikie upande wa pili. Pamela katikati ya machozi akaniambia, "Mama mdogo, unanisilimisha nikiwa nimelala?" Hata Sixbert alicheka. Lakini kibanio chake cha kubandulia shashi kilipogusa kidonda, kaswida nayo ilikwenda na maji.

Ndipo Notburga siku moja, amesimama kichwani kwa mtoto, amemshika mashavu, akauliza kwa sauti ya wimbo, "Nani anakuja?" Sidhani hata alipanga. Ilimtoka tu. Na Pamela, amekunja uso, meno yamebana, akajibu, "Mgeni." "Amebeba nini?" "Amebeba… kuku!" Sixbert akabandua shashi moja. "Mfungulieni, mfungulieni. Nani anakuja?" "Mgeni!" "Amebeba nini?" "Mbuzi! Amebeba mbuzi!" Shashi ya pili ikatoka.

Haikuondoa maumivu, msinielewe vibaya. Jasho lilikuwa linamtiririka, na vingine alivitaja kwa kupiga ukelele. Lakini aliyapiga makelele yake ndani ya wimbo. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa mpigo ule ule wa fimbo, na akili ilikuwa inahangaika kutafuta kitu ambacho hakijatajwa. Sixbert akajifunza kungoja jibu ndipo abandue. Siku zilivyokwenda Pamela akaanza hata uchokozi. Mgeni amebeba pikipiki. Mgeni amebeba Sixbert na glavu zake. Mgeni amebeba mama mdogo Zabibu, na mgongo umemkatika! Nikamwambia, wewe mtoto, shukuru umelala. Wagonjwa wa wodini wakawa wanajisogeza koridoni wasikilize. Kuna mzee mmoja alikuwa anaitikia kwa kugonga gongo lake sakafuni.

Mimi nikaamini. Nawaambia ukweli, niliamini kabisa yule mtoto anapona. Kidonda kikaanza kuwa chekundu, rangi nzuri, na daktari akasema tukienda hivi, baada ya wiki chache tunapandikiza.

Bibi naye alikuwa anapiga simu. Tunaweka spika, anamwimbisha mjukuu wake kwa simu, kikohozi kinamkatiza. Alimwambia, "Nikimaliza kuvuna mahindi nakuja mwenyewe. Mama yako anakupa nafasi, mimi sikupi nafasi, nitakushinda." Basi ikawa ndiyo dawa. Kila siku ya kidonda, kabla hajaingizwa, Pamela anauliza, "Bibi kabakiza shamba kiasi gani?" Tunamwambia, kabakiza kidogo. Anasema, "Haya, nisukumeni." Alisema akija Bibi atamkuta ameshajaa vitu vya kujibu mpaka mwaka mwingine. Alikuwa anavifikiria akiwa amelala, anavitunza.

Mwezi wa sita, baridi ya kwao kule inaingia mpaka kwenye mifupa. Tadei, kaka yake Notburga, hakumpigia yeye. Alinipigia mimi dukani. "Dada Zabibu, shikamoo. Uko peke yako?" Swali hilo likishaulizwa hivyo, unajua. Mama yao alikuwa amerudi kutoka shambani kifua kinabana, kalala, hakuamka.

Nikaenda hospitali nikamwita Notburga nje, nyuma ya jengo la kufulia. Sikuhitaji kusema mengi. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili asisikike wodini, akainama hivyo muda mrefu. Alipoinuka jambo la kwanza alilosema ni, "Pamela asijue." Na mimi nikasema, asijue. Sixbert akasema, yeye hawezi kutuamulia. Mgonjwa haambiwi msiba, hilo kwetu na kwao ni moja, moyo wake hauna nguvu ya kubeba na hilo. Tungemwambia akishapandikizwa. Tukapanga uongo. Mama ana malaria, amelala nyumbani, akina mama wa jumuiya watakaa na wewe mpaka kesho. Kesho kutwa ndiyo ilikuwa siku ya kidonda, na siku hiyo Notburga lazima awe pale kichwani, anauliza nani anakuja.

Hapo ndipo nikamwambia kitu. "Mwenzangu, utunze sauti yako." Maana mimi namjua akilia. Na nyote mnajua mwanamke akitoka kumzika mama yake anarudi na sauti gani. Akanielewa. Nikampa tangawizi, akaiweka shavuni, akajifunga ncha ya khanga mdomoni. Akasema, "Nitamlilia mama moyoni. Yeye mwenyewe angesema hivyo, nimwimbie mtoto." Nikaenda naye Madaba, nimlinde.

Sasa kwao, binti wa marehemu anaanza kulia tangu barabarani. Akishuka tu, anapiga yowe, waliopo nyumbani wanalisikia, wanatoka kumpokea, wanalia naye mpaka ndani. Ndivyo wanavyojua kwamba mwenye msiba amefika. Notburga alishuka akatembea kimya. Kaingia uwanjani kimya. Kapita kwenye turubai, wanaume wanaota moto wakageuka kumwangalia. Kaingia ndani kwenye mikeka ya wanawake, kakaa karibu na jeneza, kimya, machozi yanashuka lakini mdomo umefungwa khanga. Wee! Nilisikia nyumba nzima ikishusha pumzi.

Mnong'ono ukaanza. Na mkubwa wa mnong'ono alikuwa Devota, mdogo wa marehemu, mama mdogo wake Notburga wa damu. "Huyu ni mtoto gani anaingia msibani kama anaingia sokoni?" Akamgeukia Notburga. "Mama yako kalala pale, wewe unatafuna tangawizi?" Nikaeleza. Nikasema mtoto wake kaungua, anamwimbia, sauti ndiyo dawa. Wakaniangalia mimi Myao wa vitenge kama nimewaambia kuku ana meno. Bibi mmoja akasema, taratibu tu, "Machozi ya kimya hayadanganyi mtu. Anayekula nyama ya mtu halii." Mnaelewa wanachosema? Kwamba kamroga. Kwamba kampeleka mama yake ili mtoto wake abaki. Wallahi nilitaka kusimama niwatapike wote. Tadei akaja mlangoni, akamwita dada yake, nikamsikia anamsihi, "Dada, lia basi, hata kidogo. Watu wanasema. Mimi naishi na hawa watu."

Alishikilia. Alishikilia usiku huo wote wa mkesha, kashikilia asubuhi wakati katekista anasali. Halafu wakafungua jeneza kwa ajili ya kuaga. Devota akamshika mkono, akamvuta mbele, akamwambia, "Mwangalie. Mwangalie vizuri. Kama huna la kumlilia mwanamke huyu, basi useme hapa mbele ya watu." Notburga akamwangalia mama yake. Khanga ikamwanguka mdomoni.

Alilia, jamani. Alilia mpaka kaburini, akalia kaburini, akalia kurudi. Devota naye alikuwa amemkumbatia wanalia pamoja, ameridhika. Mimi nilikaa pembeni na ile tangawizi nimeiokota, nasikia sauti inachanika, kila yowe linatoka jembamba kuliko la kwanza, mpaka mwisho anafungua mdomo hakuna kinachotoka. Mpaka leo nasema walimlazimisha. Yeye anasema hapana, alikuwa mama yangu, Zabibu, ningemzika kama mbwa? Tumebishana juu ya hili mara nyingi na hatujakubaliana.

Asubuhi ya siku ya kidonda tulikuwa koridoni. Alikuwa amekunywa maji ya moto na asali, amesukutua maji ya chumvi, amekunywa kila kitu. Sixbert akamsalimia, akasikia jibu, akaniuliza mimi kwa macho. Nikamwambia kwa sauti ya juu, makusudi, "Mafua haya ya mwezi wa sita!"

Pamela alikuwa ameshaingizwa. Alifurahi kumwona mama yake. "Malaria imepona? Haya, nimetunza vitu, leo utashindwa." Sixbert akamwaga maji kwenye shashi. Notburga akashika mashavu ya mwanawe, akauliza, "Nani anakuja?"

Ilitoka kama jembe linakwaruza kwenye jiwe. Pamela akamwangalia mama yake usoni, kutoka chini pale alipolala. Notburga akameza mate akauliza tena, "Nani anakuja?" Ikakatika katikati.

"Mama, mmetoka kumzika nani?"

Nikarukia mimi. "Hakuna aliyekufa, mwanangu, ni hii baridi tu…"

"Mama mdogo, sijakuuliza wewe." Hakunikaripia. Aliongea polepole. "Hiyo sauti naijua. Mama alikuwa nayo tulipomzika babu. Mama, nani?"

Notburga akatikisa kichwa. Hakuna, hakuna.

"Basi mpigieni Bibi."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, nikaishika, nikaiacha. Sixbert alikuwa amesimama na kibanio mkononi, anaangalia beseni. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye ukingo wa kitanda.

"Mpigieni basi," akasema Pamela. Uso ukageuka ukutani. Methali inasema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Sisi tulificha kilio, na kilio chenyewe kikatuumbua.

Akasema, akiwa bado anaangalia ukuta, "Nilikuwa naweza kwa sababu mlisema anakuja. Juzi mlisema kabakiza kidogo." Notburga akapiga magoti pale sakafuni penye maji, akajaribu kusema, hana sauti ya kusemea. "Usiniimbie tena, Mama," akasema Pamela. "Sitaki."

Siku ile hakusafishwa. Siku iliyofuata alishika shuka kwa mkono mzima hakuiachia. Mara moja tulimshika watu wanne, Sixbert akafanya kazi yake huku machozi yanamtoka, na zile kelele sizisemi. Baada ya hapo hata daktari alisema tusimshike hivyo tena, tuongee naye. Tukaongea naye. Padri kaongea, mimi nimeongea, Tadei katoka Madaba kaja kuongea. Alikuwa anatusikiliza kwa adabu kabisa. Notburga alimwambia kwa ile sauti yake ya mwanzi uliopasuka, "Utapona, mwanangu. Vumilia kidogo, utapona." Pamela akamjibu, "Na Bibi mlisema hajambo." Tulikuwa tumeshautumia ukweli wetu wote kwenye uongo.

Akaacha kula. Uji ninauleta wa moto, ninaurudisha wa baridi. Kile kidonda chekundu kikaanza kugeuka, na harufu ikaja, ile harufu ambayo watu wa vitanda vya jirani wanageuza kichwa kwa heshima wasikuumize. Homa ikapanda. Kupandikiza ngozi kukaahirishwa mpaka homa ishuke, na homa haikushuka. Dripu, sindano, dripu nyingine. Sixbert alikuwa anapita hata siku zake za mapumziko.

Na katika kuhangaika huko, sauti ya Notburga ikarudi. Nilimsikia asubuhi moja anamsalimia mfagiaji, "Habari za kuamka," safi, kama zamani. Tukaangaliana. Alijishika koo akakaa chini kwenye benchi. Mimi nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nilimkasirikia Mungu, nikaomba msamaha, nikamkasirikia tena.

Siku ya mwisho walimwingiza chumba cha vidonda mchana, jua lipo dirishani. Hakushika shuka. Macho yalikuwa nusu wazi, hayaangalii kitu, pumzi inakwenda haraka haraka. Daktari alitaka kidonda kisafishwe angalau uchafu upungue. Sixbert akavaa glavu, akamwambia Notburga, "Mama Pamela, leo sidhani kama anajua sana kinachoendelea. Alikukataza, najua. Lakini ukitaka kuimba, mimi naona uimbe."

Notburga akasimama kichwani, akamshika mashavu. "Nani anakuja?" Sauti ilijaa chumba kile. Ilikuwa nzuri, jamani, ilikuwa nzuri mpaka inauma. Akangoja. Sixbert naye akangoja kama alivyozoea, kibanio hewani. Pamela hakujibu.

"Mgeni," akajibu Notburga mwenyewe. "Amebeba nini? Amebeba maji." Shashi ikatoka. "Mfungulieni, mfungulieni. Nani anakuja? Mgeni. Amebeba nini? Amebeba mkeka." Akaendelea hivyo, anauliza yeye, anajibu yeye, harudii kitu. Amebeba chumvi. Amebeba viatu vya shule. Amebeba kuni. Amebeba mtoto mgongoni. Wagonjwa wakajisogeza koridoni, wakaona ni nini, wakabaki wamesimama.

Sixbert alimaliza. Akafunga bandeji ya mwisho, vizuri, taratibu, kama mtu atakayeifungua kesho kutwa. Ndipo akasimama akaangalia kifua cha Pamela. Akaweka vidole shingoni. Akaviacha pale, akavisogeza, akaviacha tena. Halafu akaniangalia mimi, akashusha macho.

Hakumwambia Notburga. Mimi pia sikumwambia. Yeye alikuwa amemshika mwanawe mashavu kwa mikono yote miwili, uso kwa uso, pumzi ile iliyokuwa inakwenda haraka ilikuwa imesimama chini ya viganja vyake. Akauliza nani anakuja, akajibu, akauliza amebeba nini, akajibu. Hatukumnyamazisha, na yeye hakunyamaza, na sote pale chumbani tulikuwa tunajua kwamba naye anajua.